Sanduku la Shemeji

Kiuno kilichoandikwa kwenye karatasi hakikuwa cha mke wa mtu huyu. Muuza nguo alikisoma tena, kisha akamtazama shemeji yake, aliyesimama mbele ya meza na sanduku tupu mkononi kama mgeni aliyekosea mlango.

"Nguo za wiki moja ufukweni," shemeji alisema. "Nyepesi, za kupendeza. Mwenyewe kasema uchague wewe. Eti hakuna mwenye jicho kama lako."

Mwenyewe! Kumbe kimada alimjua mpaka duka lake. Muuza nguo aliona aibu, tena si yake.

Mke wa shemeji alikuwa dada yake wa tumbo moja, mwanamke mnene wa haja, ukimkumbatia mikono haikutani. Hawakuwa wamesemezana miaka miwili. Mara ya mwisho dada alikuja hapa kujaribu gauni la manjano, kubwa kuliko yote dukani. Lilimkaa vizuri, akajigeuza mbele ya kioo akitabasamu. Ndipo muuza nguo, wateja wakisikia, akatupa mzaha: "Dada, hilo si gauni, ni turubai la lori!" Duka zima lilicheka. Dada alilivua polepole, akalikunja, akatoka bila kuaga.

Mdomo uliponza kichwa. Badala ya kwenda kuomba radhi, muuza nguo aliificha aibu yake ndani ya hasira. Shemeji alipokuja kusuluhisha, alimfukuza. "Usinitajie jina lake humu dukani," alimwambia. Na shemeji alikuwa mtu wa kushika neno.

"Kofia iwe pana, ifunike kichwa chote," shemeji aliendelea kwa sauti ya chini. "Vitambaa viwe laini. Ngozi yake haivumilii mishono."

"Makubwa! Umebeba yai, shemeji?"

"Ndiyo," alijibu, akitazama sakafu. "Nimebeba yai."

"Na huko kwenye mchanga atatembea mwenyewe?"

"Akichoka nitambeba."

Hana haya, muuza nguo aliwaza. Hata hivyo mikono yake iliijua kazi. Alichagua suruali ya kitani, blauzi nyeupe mbili, gauni jepesi lisilo na mikono, mtandio wa rangi ya bahari. Alivibiringisha kimoja kimoja visipate mikunjo, akavipanga sandukuni, viatu chini, kofia juu.

Kadiri alivyopanga ndivyo moyo ulivyomsuta. Dada yuko nyumbani, hajui hili wala lile. Na ni nani aliyeanza kuucheka mwili wake? Si mume. Ni yeye, ndugu wa damu. Mume amemalizia tu. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Shemeji alipogeuka kutazama miwani ya jua, muuza nguo aliinama, akatoa gauni la manjano kwenye rafu ya chini. Wanunuzi walikuwa wameliulizia mara nyingi, kila mara akawaambia lina mwenyewe. Akalilaza juu ya vyote na kufunga sanduku. Kimada akifungua, ajue mwenye nyumba ana umbo gani. Lilikuwa jambo dogo, lakini ndilo pekee aliloweza kumfanyia dada yake siku ile.

"Yuko wapi huyo mwenyewe?"

"Garini. Ameona haya kuingia."

"Na aone!"

Alilinyakua sanduku na kutoka nalo, shemeji akimfuata mbio nyuma. Kwenye kiti cha nyuma cha gari alikaa mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, miwani myeusi imemeza nusu ya uso. Mkono aliouegemeza dirishani ulikuwa mdogo kama wa mtoto. Muuza nguo alifungua mlango, akalibwaga sanduku kando yake na kulifungua wazi.

"Kagua mzigo wako, bibie. Usije ukasema umepunjwa."

Mwanamke alilinyanyua gauni la manjano, akalibana kifuani. Lingemzunguka mara mbili na kubaki. Alivua miwani taratibu; nyusi zilikuwa zimenyonyoka zote.

"Kumbe turubai langu hukuliuza, mdogo wangu," alisema.