Asidi ya Baba Mkwe

Kila alfajiri baba mkwe alipofunga kamba za raba zake, Salha aliuma kanga ili mayowe yasimwamshe mwanawe Kibibi. Sheria ilikuwa hivyo: mzee anakimbia, na asidi ya uchovu na kutu ya uzee wa mwili wake vinapitia bangili isiyovulika hadi kwa mkwe wake aliyeivaa. Mkwe akifa, mjukuu anarithi bangili.

Mzee Shemdoe alikuwa na miaka themanini na mapaja ya kijana. Salha alikuwa na thelathini, na nywele zote nyeupe.

“Baba, leo tembea tu. Jana nilitapika damu.”

“Unalalamika nini, mwanangu? Wewe umelala, anayekimbia ni mimi!”

Akacheka, akatoka mbio. Miguu ya Salha ikawaka moto. Mzee aliporudi akiulizia chai, alimkuta Salha nyuma ya mlango na mchi wa kinu. Pigo la kwanza lilivunja goti la kulia. Alipoanguka akipiga kelele, Salha alivunja la kushoto.

“Sasa pumzika, baba.”

Mzee aliwaambia majirani ameteleza. Hakutaka kumpoteza mbebaji wake.

Wiki moja Salha alilala bila maumivu. Kisha, alfajiri moja, mabega yake yakaanza kuungua. Akajikokota hadi chumbani kwa mzee. Mzee alikuwa chali kitandani, akinyanyua madumu mawili ya maji.

“Umeamka, mwanangu? Mikono bado ninayo!”

Salha alirudi chumbani kwake, akamtazama Kibibi aliyelala, akaenda jikoni kuchukua mchi, angali ana nguvu za kuuinua.