Simu ya Karatasi

Sephora, mchoraji wa kurasa za programu, alimwekea fundi wa kompyuta simu ya karatasi ya kujaribia programu mpya mezani, mkuu wa mradi akitazama. Programu yenyewe ni ya kuomba msaada wakati wa mafuriko, na fundi alikuwa ameng'ang'ania kama kupe kwamba neno la siri lije kwanza.

"Jifanye we ni mama yako, kule Buterere. Maji imefika mu magoti. Omba musaada," Sephora akamwambia.

Fundi akacheka, akabonyeza. Sephora akabadilisha karatasi: Andika neno la siri.

"Imefika mu kiuno."

Akabonyeza tena. Karatasi nyingine: Neno la siri si sahihi.

"Mu kifua."

Kicheko kikakatika. Kidole kilibaki palepale, wino ukichujuka kwa jasho.

"Basi, tuendelee?" mkuu wa mradi akauliza.

"Apana," fundi akasema, akiitenga karatasi ya neno la siri. "Munipe makasi kwanza."