Matone ya Asubuhi

Mwana wa Sikudhani alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia, hivyo mama alikamua maziwa kwa mkono na mtoto akalishwa kwa mpira puani. Asubuhi hiyo yalitoka matone tu kikombeni. Alipoinuka kuyapeleka alipolazwa mtoto, kiwiko kiligonga kitanda, kikombe kikaanguka.

"Nimemwaga chakula cha mwanangu!" akalia.

Nesi Kandida hakukitazama kikombe. Alimfunua mtoto blanketi, akamlaza kwenye kifua kitupu cha mama yake.

"Kunyonya bado hajui, dada," Sikudhani alisema.

"Mwache ajaribu, mama."

Kichwa kidogo kiligeuka, midomo ikatafuta, ikakosa. Sikudhani akamsogeza kidogo. Midomo ikafunguka tena, safari hii ikashika, na shavu likaanza kucheza taratibu.