Kanuni ya Kumi na Tisa

"Usimguse!" alisema Bi Kanuni kutoka ndani ya shimo, na msimamizi wa ujenzi akarudisha mguu wake nyuma.

Vibarua walimpa jina hilo kwa sababu hakusaini fomu mpaka shimo lifike kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa na jembe. Kampuni yake ililipwa kukagua viwanja, kutafuta mabaki ya kale kabla zege halijamwagwa. Wenzake walishapanda vyeo, wana viti vya kuzunguka. Yeye, kwa miaka ishirini na nane ya kazi, kila mara aliomba abaki kwenye mashimo ya mji huu huu.

Leo, kwenye kina cha kiuno, brashi yake ilikuwa imefunua mifupa ya mkono wa kulia.

"Mama yangu, weka tiki kwenye 'kale' tumalize," msimamizi alisihi. "Ukiweka kwenye 'karibuni', polisi watafunga kiwanja mwezi mzima. Lori la zege liko getini."

"Si wa kale."

"Umejuaje? Amekuonyesha kitambulisho?"

Vibarua wakaangua kicheko. Yeye alipitisha kidole hewani, juu ya nundu ndogo iliyokuwa kwenye mfupa.

"Alivunjika hapa akiwa na miaka tisa. Aliruka kutoka juu ya tangi la maji. Mfupa uliunga vibaya, tangu hapo akaandika kwa kushoto."

"Makubwa! Mifupa inasema mpaka tangi!" Msimamizi alitikisa kichwa. "Kweli umesoma, mama. Basi hata kwa heshima ya usomi wako, nisaidie. Hapa kazi yangu ndiyo inaondoka."

Bi Kanuni aliweka tiki kwenye "karibuni". Akavua glavu, akazikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akapanda ngazi, akapiga simu ofisini.

"Leteni mtu mwingine. Mimi siruhusiwi kuendelea. Kanuni ya kumi na tisa." Akasikiliza. "Najua haijawahi kutumika."

Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalipa shimo mgongo.

"Sasa hiyo nayo inasemaje?" msimamizi aliuliza kwa hasira.

Alimpa kitabu cha kanuni za kazi bila kumtazama. Msimamizi akafunua, akawasomea vibarua kwa sauti ya kejeli:

"Mtaalamu akitambua kuwa mabaki ni ya ndugu yake wa damu, ataacha kazi papo hapo."