Glasi ya Pili

"Divai glasi moja, mafuta glasi moja, sukari glasi moja. Unga utie mpaka donge likwambie basi." Hivyo ndivyo Ersilia, mama mkwe wangu, alivyonifundisha nilipoolewa hapa Velletri. Na kila Krismasi vibiskuti vyangu vya divai vilitoka mawe, vyake laini, meza nzima ikinicheka.

Leo nimemfuma jikoni. Divai alipima kwa glasi ndogo. Mafuta akapima kwa glasi kubwa, akaijaza mpaka yakamchuruzika vidoleni.

"Mama! Miaka yote hii?"

"Wewe mtu wa kuja, mwanangu," akasema, akinichekea kwa ufizi mtupu.

Nikampokonya ile glasi kubwa, nikaibamiza sakafuni.

"Haya! Kuanzia leo naoka mimi peke yangu, kwa kipimo ulichonifundisha. Tuone utatafuna kwa meno gani."