Mtaa Usiomwona Mfalme

Mtaa wetu wa wafua dhahabu, hapa Mandalay, ndio wenye adabu kuliko mitaa yote ya mji: tangu mji ujengwe, hakuna mtu wetu hata mmoja aliyewahi kumwona Mfalme.

Msicheke. Hilo kwetu ni jambo la kujivunia. Mfalme akitoka ikulu juu ya tembo wake, uzio wa mianzi husimamishwa pande zote mbili za njia, na sisi nyuma yake tunalala kifudifudi, viwiko chini, pua vumbini, mpaka tembo wa mwisho apite. Anayeinua kichwa hula fimbo arobaini. Mitaa mingine haikosi mtu wa kulalia tumbo wiki nzima. Sisi hatujamtoa hata mmoja, na kwa ajili hiyo mkuu wetu wa mtaa, U Tha Nyo, alitunukiwa mwavuli mwekundu. Jua liwepo lisiwepo, anatembea nao.

Ndiyo maana siku ya tatu baada ya Mfalme kupita, Po Lon alipofungua mdomo kwenye kibanda cha tambi, vijiko vyetu vilisimama hewani.

"Mimi nimemtazama," alisema. "Jicho kwa jicho."

Po Lon ni mfua dhahabu. Kutwa anaigonga kwa nyundo mpaka iwe nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hakusema vile kwa ujinga mtupu. Alisema kwa ajili ya Hnin Yi, binti wa mwenye kibanda, aliyekuwa anammiminia mchuzi wa kambare. Mama yake Hnin Yi alishatangaza kwamba bintiye haolewi na nyundo. Anataka mkwe mwenye sifa. Sasa Po Lon kajipatia sifa.

"Wacha wee," nilimwambia. "Labda umeona kisigino cha tembo."

"Jicho kwa jicho, ndugu yangu! Uso wa mviringo kama mwezi. Ngozi kama dhahabu niliyoifua mwenyewe."

Hnin Yi akamwongezea tambi bila kuombwa. Mama yake akafunua sahani ya majani ya chai yaliyovundikwa, ile ya wageni wa heshima, akaisukuma mbele ya Po Lon. Posa ilikuwa imebaki kutamkwa tu.

Mara ukaingia mwavuli mwekundu, na nyuma yake U Tha Nyo, na nyuma yake askari wawili wenye fimbo za henzirani.

"Po Lon," alisema. "Hebu rudia."

Po Lon alimeza tambi ambazo hakuwa amezitafuna. "Utani tu, mkuu."

"Ulimtazama, hukumtazama?"

Akisema alimtazama, fimbo arobaini. Akisema hakumtazama, Hnin Yi huyo hapo na upawa wake, anasikiliza. Po Lon aliangalia upawa, akaangalia henzirani. Mapenzi matamu, lakini Mungu humpa mtu mgongo mmoja tu.

"Sikumtazama. Nimesema uongo."

"Aka!" Mama yake Hnin Yi akaivuta sahani yake, akaifunika.

"Mwenye kuogopa fimbo angesema nini tena?" U Tha Nyo aliuliza. "Mimi mtaa wangu una jina. Mwavuli huu sikuuokota. Nani shahidi wako?"

"Si tulikuwa mamia pale!" Po Lon akamgeukia mama yake Hnin Yi. "Mama, wewe si ulikuwa ubavuni kwangu?"

"Mimi, mwanangu, niliona vumbi."

Kila aliyeulizwa aliona vumbi. Mzee mmoja alisema aliona vumbi na siafu wawili.

Basi wakamlaza Po Lon juu ya benchi. Henzirani ikapanda juu. Hnin Yi akaangusha upawa, akaziba uso kwa viganja, na mimi nikashindwa kuvumilia. Po Lon ni rafiki yangu tangu tuliponyolewa vichwa siku moja, tukapelekwa kwa watawa pamoja, kama wavulana wote, tukiwa tunalilia mama zetu.

"Mwacheni, mkuu!" nilipayuka. "Hakuona kitu huyu! Uso wake ulizama vumbini mpaka masikioni! Kuku wa watu kamsimamia mgongoni, anamdonoa kisogo, na mwanamume mzima hakuthubutu hata kusema kish!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Hnin Yi naye, viganja usoni, mabega yanamtikisika. Henzirani ikashuka. Po Lon akanitazama kama mtu aliyeopolewa mtoni kwa kuvutwa nywele: ana shukrani, lakini anaumia.

U Tha Nyo peke yake hakucheka. Alinigeukia taratibu, yeye na mwavuli wake.

"Kumbe wewe ulimwona kuku."

Kicheko kikakatika. Nikahisi askari mmoja anasogea nyuma yangu.

"Kumwona? Hapana, mkuu! Pua yangu ilikuwa chini kama pua za wenzangu. Nilimsikia. Kuku yule alikuwa anapiga makelele, kwekwekwee, mtaa mzima umemsikia."

"Mwongo mkubwa wewe!" U Tha Nyo alinguruma, uso umemwiva. "Kuku yule hakutoa sauti hata moja! Hata Mfalme alipomwona, akaziba kicheko kwa upepeo wake, kuku alikuwa kimya!"