Kovu la Mama Mkwe

Modesta alikuwa akifua kanga kijitoni, mama mkwe wake akaliona doa la damu.

"Mbona unatokwa kila mara, mwanangu?"

Modesta akazidi kulisugua doa. Kijiti cha uzazi wa mpango, kilichomletea damu hiyo, alikiweka mkononi kwa siri, maana mama huyu aliomba mjukuu mwingine kila Jumapili.

Mama mkwe akakunja mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko. Upande wa ndani wa mkono palikuwa na kovu dogo linalong'aa.

"Nami nilitokwa hivyo hivyo. Baba wa watoto wangu alikufa hajui kama nina kijiti. Kesho twende wote zahanati, wakuangalie."

Miaka yote walipika jiko moja, na Modesta hakuwahi kuuona mkono ule ukiwa wazi. Akanyoosha kidole chenye povu, akaligusa kovu taratibu.